Rangi za Jikoni: Jibu kwa Mama wa Gulwe



Juma lililopita tulipokea barua kutoka Gulwe, wilayani Mpwapwa, iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili zilizochanwa katika daftari la shule. Mwandishi wake ni mama wa watoto watatu, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Kitindamimba wake, mvulana wa miaka miwili na miezi michache, aliokota kipande cha mkaa akachora ukuta wa nyumba ya bibi yake mzaa baba, ukuta ambao ulikuwa umekandikwa upya siku tatu tu kabla. Bibi akampiga mkono. Siku ya pili mama, akitaka kumpa mwanawe mchezo wa kumtuliza, alikanda donge la unga na chumvi kama alivyoelekezwa na jamaa yake wa Dodoma mjini aliyeuona mchezo huo kwenye simu. Bibi alipoliona donge lile mikononi mwa mjukuu alinyanyuka mkekani, akalichukua, akasema kwamba katika nyumba ile chakula hakijapata kuchezewa, na maadamu yeye yu hai hakitachezewa.

Tangu siku hiyo, anasema mama yetu, mazungumzo baina yake na mkwewe yamebaki kuwa ya salamu na ya kazi. Anatuuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni dhambi mtoto kucheza kwa vitu vya jikoni? Pili, je, mtoto mdogo kiasi hicho anaingia katika makatazo ya kuchora? Kisha ameongeza mstari mmoja chini ya jina lake, kama mtu aliyekuwa amekwisha kufunga barua akaifungua tena: kwamba hana fedha za kununua rangi za dukani, na kwamba mtoto huyo, asipokuwa na kitu mkononi, hukimbilia kwenye mafiga.

Mstari huo wa mwisho ndio uliotufanya tuijibu barua hii kwa ukurasa mzima.

Tuanze na unga, kwa kuwa hapo ndipo penye uchungu. Wasomaji wetu wa pwani huenda wakamwona bibi huyo kuwa mkali kupita kiasi. Tunawaomba wakumbuke mahali anapoishi. Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati, reli ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910, na kijiji kimelala katika bonde la mto Kinyasungwe. Huko mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikikatika Februari mtama hunyauka shambani watu wakitazama. Wagogo wana majina ya njaa zao kama wengine walivyo na majina ya wafalme wao. Iliyo kubwa katika kumbukumbu za karne iliyopita ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na watu, na mvua nazo zikakosekana. Bibi wa Gulwe hakuiona Mtunya, lakini kwa umri ambao mkaza mwanawe ametutajia, alilelewa na watu walioiona. Aliponyanyuka mkekani hakuwa peke yake.

Na dini i pamoja naye katika hili. Qur'ani, katika Sura ya Al-A'raf aya ya 31, imekataza israfu katika kula na katika kunywa. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, amefundisha kwamba tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Tonge moja! Itakuwaje kwa vikombe viwili vya unga vilivyotiwa chumvi hata kuku asivile? Hatusemi kwamba kila aliyempa mtoto wake donge la unga amefanya haramu. Wanazuoni huangalia nia, kiasi na hali ya watu. Tunasema kwamba mchezo wa donge la unga, na ule wa kupaka mchele rangi, na ule wa kumwaga tambi mezani, ni michezo iliyobuniwa katika nyumba ambazo kilo ya unga haihesabiwi. Imeletwa kwetu na simu bila ya kuulizwa inakwenda nyumba ya nani. Kwa hiyo, mama, katika la unga tunamuunga mkono bibi.

Lakini hoja haiishii hapo.

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea hadithi ya bibi wa Kiansari, Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), inayohusu saumu ya Ashura. Anaeleza kwamba walikuwa wakifunga siku hiyo na wakiwafungisha watoto wao wadogo. Wakawatengenezea watoto mwanasesere wa sufu. Mtoto alipolilia chakula walimpa mchezo huo mpaka ikafika saa ya kufuturu. Hadithi hii husomwa sana katika mlango wa kuwazoesha watoto saumu, na ni haki yake. Sisi leo tunaomba isomwe na kina mama kwa jicho jingine. Hawa ni Maswahaba wa kike, katika mji ambao nao uliijua njaa, na mtoto analia kwa njaa hasa. Hawakumwambia kwamba mchezo ni wa wenye shibe. Walitazama nyumbani mwao, wakaona sufu, wakafanya mchezo. Nao haukufanywa kwa tende wala kwa shayiri. Ulifanywa kwa kitu ambacho hakiliwi na ambacho nyumba ya wafugaji haikikosi.

Basi swali la kuuliza Gulwe ni hili: jiko la mama huyu lina nini kisicholiwa? Tumekaa na kina mama kadhaa wa mikoa ya kati waliohamia katika mtaa wetu, tukahesabu pamoja nao, na hesabu ilitushangaza hata sisi tulioianza.

Cha kwanza ni sinia. Weka juu yake mchanga uliochekechwa na kuoshwa, unene wa kidole kimoja, umkalishe mtoto kivulini. Atachora kwa kidole, utatikisa sinia, mchoro utafutika, ataanza tena. Ni mchezo usiogharimu senti, na kwa mtoto wa miaka miwili ndio unaodumu kuliko yote, maana mtoto wa umri huo anafurahia kufuta kama anavyofurahia kuchora. Wapo wanaotumia pumba badala ya mchanga, na baada ya mchezo pumba humwagiwa kuku, hivyo hakuna kilichopotea. Ni sawa, kwa sharti moja ambalo watu wa Dodoma hawahitaji kukumbushwa mara mbili. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na maradhi na vifo vilivyotokana na sumukuvu katika mahindi, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda la punje kuliko katika kiini chake. Mtoto wa miaka miwili hulamba vidole. Pumba zilizoota ukungu, au zilizotoka katika nafaka ambayo nyumba yenyewe imeikataa kuila, zisifike mkononi mwake. Ukiwa na shaka, tumia mchanga.

Na bibi akiuliza kuchora mchangani kuna faida gani, ajibiwe kwa adabu kwamba katika vyuo vya Qur'ani vya Somalia na Sudan mpaka leo mtoto huandikiwa juu ya ubao wa mti kwa wino uliofanywa kwa masizi au mkaa, akahifadhi, ukaoshwa, akaandika tena. Mkono unaoifuata alifu kwenye ubao ni ule ule uliokwisha kujifunza kwenda juu na kushuka chini. Wahyi wa kwanza ulitaja kalamu. Mtoto hawezi kuishika kalamu leo kama vidole vyake havijapata kuvuta mstari wowote.

Cha pili ni udongo, nao ndio utakaochukua nafasi ya donge la unga. Udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto, au ule wa kichuguu ambao mafundi wa kukandika nyumba wanaupenda, ukikandwa vizuri unafinyangika kuliko unga, na hauozi. Uchukue chini, usiwe wa juu unaopitwa na mbuzi na mbwa. Uponde, uuchekeche, uukaange katika chombo chakavu, kisha uuloweshe. Tunasema hivi kwa sababu ya minyoo. Ukiisha mchezo, rudisha donge katika kopo lenye kitambaa chenye maji ulifunike. Hilo moja linaweza kutumika msimu mzima.

Sasa tufike kwenye rangi. Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa jiko la Ugogo ni tajiri na wenyewe hawajui.

Rangi yoyote ya mtoto inahitaji vitu viwili: chenye kutia rangi, na chenye kuishikilia isichuruzike. Cha kuishikilia ni uji. Hatumaanishi uji uliopikwa kwa kazi hiyo. Sufuria ya ugali ikiisha kupakuliwa hubaki na ukoko. Kama watoto wakubwa hawajaugombania (na tunajua mara nyingi huugombania), loweka ule uliong'ang'ania chini ambao ungekwanguliwa na kutupwa, uuponde, uuchuje kwa kitambaa. Utapata maji mazito yanayonata. Hiyo ndiyo gundi na hiyo ndiyo rangi nyeupe. Ifanye asubuhi, itumike siku hiyo hiyo, ikilala inachacha.

Katika kikombe kimoja cha uji huo tia nusu kijiko cha chai cha manjano, upate rangi ya jua. Maganda makavu ya vitunguu, yale mepesi yanayopeperuka, yakichemshwa nusu saa hutoa kahawia yenye dhahabu ndani yake. Mkaa uliopondwa ukaloweshwa hutoa nyeusi. Uuloweshe wewe mwenyewe kwanza, kwa kuwa vumbi lake si jema kwa kifua cha mtoto. Udongo mwekundu wa Dodoma hauhitaji maelezo. Kwa wasioujua uwezo wake, michoro ya mapango ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mingi imechorwa kwa rangi nyekundu ya ardhini, na imepigwa na upepo na jua kwa karne zisizohesabika bila ya kufutika. Walioichora hawakuwa na duka la vifaa vya shule.

Kijani kipo katika mlenda. Sehemu hizo mlenda mkavu husagwa ukawa unga, na chini ya mfuko daima hubaki vumbi lisilotosha mboga. Vumbi hilo likikorogwa na maji kidogo huwa rangi ya kijani iliyokolea, na kwa utelezi wake wa asili halihitaji uji. Watoto huupenda utelezi huo kuliko rangi yenyewe.

Nyekundu ya zambarau hutoka katika choya. Usitumie mchujo wa kwanza. Huo ni wa kunywa. Maua yakiisha kutoa kinywaji, yamwagie maji ya moto mara ya pili, kidogo tu, uyaache robo saa. Mchujo huu wa pili ni mwepesi kwa kunywa lakini unatosha kwa kupaka.

Na hapa kuna jambo ambalo tuliliona wenyewe na kulirudia mara tatu kwa kutoliamini. Ugawe mchujo wa choya katika vikombe viwili. Katika kikombe kimoja tone la ndimu au ukwaju; rangi inang'aa ikawa nyekundu zaidi. Katika kikombe cha pili chembe ya magadi, yale yale ya kupikia mlenda. Rangi inageuka machoni pako, zambarau, kisha buluu iliyochafuka, na ukizidisha inakuwa kijani. Fanya hivyo hivyo kwa manjano: chembe ya magadi huyafanya yawe mekundu ya kahawia, na ndimu huyarudisha kuwa manjano. Mtoto mdogo atashangaa na kupiga makofi. Mkubwa wa darasa la tano atauliza kwa nini, nawe utamwambia kwamba rangi hizo zinatambua kilicho kikali na kilicho cha magadi, na kwamba wanasayansi hutumia rangi za mimea kwa kazi hiyo hiyo. Magadi yatiwe na mama peke yake, chembe kwa ncha ya kidole kikavu, na kifuko kirudi juu mahali pasipofikika. Yakiwa makavu huunguza jicho na koo.

Brashi hazihitajiki. Mtoto wa miaka miwili ana kumi mikononi mwake. Akitaka chombo, mpe gunzi la hindi alibingirishe katika rangi kisha juu ya karatasi. Litaacha safu za vitone zilizopangika kama shanga. Bamia iliyokomaa ikawa ngumu kupikwa, ikikatwa kwa upana, hugonga umbo la nyota. Kikonyo cha jani la mpapai, kwa kuwa ni tupu ndani, hugonga duara. Mama mmoja alituambia kwamba mwanawe aligonga duara hizo nyumba nzima, miguu ya bibi yake ikiwemo, na bibi alikuwa usingizini.

Karatasi ndiyo iliyotusumbua. Maboksi ya dukani yaliyokunjuliwa yanafaa, upande wa ndani. Mifuko ya saruji haifai hata ikikung'utwa vipi, kwa kuwa vumbi lake linachoma ngozi. Na magazeti? Tutasema hili ingawa tunajiharibia soko: gazeti hili lisitumike. Ndani yake mna aya, mna jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake, na mahali pake si chini ya bamia yenye rangi wala chini ya makalio ya mtoto. Mwenye magazeti mengine, na ahakikishe kwanza yanasemaje.

Yapo mambo ya kutahadhari ambayo hatutayapitia kwa urefu, ila haya hayaachwi. Maharage, karanga, punje za mahindi na mbegu za ubuyu zisiwe vitu vya kubandika wala kuchezea kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Punje moja huziba koo, nyingine huingia puani. Unga mweusi wa betri kuukuu, ambao zamani shule nyingi zilipakia ubao wake, ni sumu. Rangi ya mafuta ya milangoni vile vile. Mama aliyetoka kukata pilipili anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto kidole. Na pahali pa mchezo pawe upande wa pili wa mlango, mbali na mafiga, ila pawe panapoonekana kutoka jikoni. Mkeka mmoja, sinia moja, rangi mbili tu kwa siku. Ukimpa zote atazichanganya zikawa tope, na hatakuwa amekosea yeye.

Wapo watakaouliza kuhusu tohara. Manjano, choya na mkaa katika nguo ni uchafu kwa jicho, si najisi, na Swala haizuiwi nayo. Kilicho muhimu kwa mama ni uji na udongo uliokauka juu ya ngozi na chini ya kucha. Mafakihi wanapotaja kinachozuia maji ya udhu yasifike kwenye kiungo, hutoa mfano wa unga uliokandwa. Kwa hiyo aliyecheza na mwanawe baada ya adhuhuri akague vidole vyake kabla ya alasiri.

Tumebakiwa na swali la pili, la picha, na bibi ana haki ya kujibiwa kwa staha, kwa kuwa aliyoyasema yana msingi. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye sura ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini katika vitabu hivyo hivyo imo ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akasema kwamba riziki yake inatokana na kazi ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimweleza onyo zito la Mtume (s.a.w.), na alipomwona amefadhaika alimfungulia mlango: kama hana budi, basi afanye miti na kila kisichokuwa na roho. Kadhalika Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume, na wenzake wakija kucheza naye, na kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi wamelegeza katika michezo ya watoto wasilolegeza kwa watu wazima. Wengine hawakulegeza. Mwenye kutaka kujua msimamo wa walimu wa kwao na amwendee imamu wa msikiti wake.

Ila, mama, tazama kilichochorwa ukutani pale. Mtoto wa miaka miwili hachori mtu wala mnyama. Anavuta mkono, mkono unaacha alama, anastaajabu kwamba alama imebaki. Itachukua mwaka mmoja au zaidi kabla ya mstari wake kujifunga ukawa duara, na baadaye kidogo duara hilo litaota macho na miguu miwili, kama ilivyo desturi ya watoto wa dunia nzima. Siku hiyo ndiyo siku ya kumwambia, bila ya kelele na bila ya kofi: tuchore mbuyu. Tuchore jua, treni, mnara wa msikiti, mtungi. Gulwe haikosi treni wala mibuyu ya kuchora. Alichokipigiwa mkono mwanao kilikuwa mistari ya mkaa. Kosa lake lilikuwa la ukuta, na la ukuta lina dawa yake.

Nayo tunaipendekeza hivi. Nenda kwa mama mkwe wako asubuhi, wakati ambao hana kazi ya kumharakisha, umpe shikamoo yake, umwombe radhi kuhusu unga. Usiitie lakini ndani yake. Kisha umwombe akuonyeshe jinsi ya kukandika ukuta. Katika nyumba za Ugogo wanaoijua kazi hiyo ni wanawake wa umri wake. Wanajua udongo upi uchanganywe na upi, na mkono upite kwa mwendo gani ili pasipasuke. Hatudhani kuna mkaza mwana anayemwuliza siku hizi. Fanyeni pale pale palipochorwa, na mjukuu awepo, na yeye apewe donge lake la udongo apake kwa viganja mahali panapomfika.

Pakikauka, mwombe bibi kipande kimoja cha ukuta wa nyuma ya jiko, chini ya goti, pasipoonekana na wageni. Hapo mtoto achore kwa mkaa Jumamosi hadi Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga kwa ajili ya Swala, bibi na mjukuu wapakandike upya kwa udongo mwepesi. Jumamosi aanze.

Ukifanya hayo, tuandikie tena. Tunataka kujua bibi amesemaje, na kama ukipata nafasi, tuambie choya ya Mpwapwa imetoa rangi gani ulipotia magadi, kwani ya huku kwetu, mama mmoja anasisitiza, ilitoka buluu safi kabisa, na sisi hatujaipata.

Wabillahi tawfiq.